Nguzo za Ng'ambo ya Kijito

Jumamosi, 12 Agosti 1972. Asubuhi ukungu na manyunyu, baridi ya kuuma vidole. Jua limetoka saa tano. Leo tumefungua daraja. Naiandika hapa hotuba yangu kama nilivyoisema, si kama nilivyoiandaa.

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu wa heshima; Mchungaji wetu; Bwana Haron, mwenye shamba la ng'ambo; Mama Wangeci, mzazi wake; wazee wa kamati; na nyinyi ndugu zangu mliosimama matopeni kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo?

Mimi ni Namalwa, katibu wa kamati ya daraja hili. Nimeambiwa niseme kwa ufupi, maana mgeni wetu anangojwa Kileleshwa. Basi nitaharakisha, kama tunavyoharakisha kila kitu katika mji huu.

Nilifika hapa Kawangware mwaka wa sitini na sita, kutoka Bungoma, cheti changu cha kidato cha nne kikiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Upande huu wa kijito ulikuwa mahindi matupu, na nyumba mbili tatu. Asubuhi ya kwanza nilipotea. Nikamkuta mama mmoja amebeba gunia la kabichi mgongoni, kamba kichwani, akienda kuuza kwenye majumba ya Lavington. Nikamwuliza, "Mama, njia ya kwenda mjini ni ipi?" Hakusimama. Alisema, "Fuata miguu ya watu, mtoto wangu. Ukiona nyasi zimesimama, umepotea."

Mama huyo ameketi pale mbele. Ni Mama Wangeci. Kwa kabichi zile alimsomesha mwanawe mpaka akapata meza na kiti katika ofisi kubwa mjini, na leo mwana huyo amelinunua shamba lile lile ambalo mama yake alilipita na mzigo. Mpigieni makofi wote wawili.

Tangu siku ile, nyasi hazijapata nafasi ya kusimama. Nani hapa hajapokea ndugu kutoka mashambani mwaka huu? Ainue mkono. Mheshimiwa, unaona? Hakuna mkono. Kwa nini tunakuja? Baba amewagawia wanawe shamba, na kitindamimba amebaki na mahali pa kuchomeka jembe tu. Zamani kulikuwa na kipande, kile cheti cha mkoloni, cha kumzuia mtu asiingie mjini. Uhuru ukakiondoa, tukashukuru. Tukapeleka watoto shuleni, shule ikawapa kalamu, na kalamu itaajiriwa wapi kama si mjini? Juzi redio ilisema si sisi peke yetu: Lagos, Kairo, Bombay, kote watu wanafika kabla ya maji na kabla ya barabara. Nilifarijika kidogo. Kisha nikatoka nje, nikakuta foleni ya bomba imefika mlangoni kwangu.

Tunaondoka asubuhi, tunarudi jioni tunakuta ukuta mpya. Njia ya kwenye mikaratusi ilifungwa mwaka juzi; ile ya nyuma ya kanisa, mwaka jana. Kila anayejenga ana haki yake, na kila haki imepandiwa ua wa kayaba. Imebaki njia hii moja. Dada Philister, simama wakuone. Huyu ni yaya huko Lavington. Mvua za Aprili zilipochukua magogo ya zamani tuliyokuwa tukivukia, alizunguka kwa barabara kubwa akachelewa kazini. Mama wa nyumba akamwambia, "Ukichelewa tena, usibishe mlango." Sisi kamati tulikuwa bado tunabishana nani awe mwenyekiti. Philister akaingia mkutanoni na viatu mkononi, akasema, "Nyinyi ongeeni tu. Mimi kesho navuka, hata maji yakifika kifuani." Ndipo tukaacha kuongea, tukajenga.

Fundi Zedekiah amefanya kazi imara. Upungufu ni mmoja: daraja halina pa kushikia. Mbao zilikwisha.

Na sasa shukrani. Juzi ng'ambo ile, pale daraja linapoishia, zimeletwa nguzo mpya. Ni za Bwana Haron. Watu wa hapa wana maneno! Mmoja ameniambia, "Namalwa, umejenga daraja la kwenda kwenye seng'enge." Mwingine akasema, "Diwani atakata utepe huku, Haron atafunga kule." Nimewakatalia. Je, mtoto aliyelelewa na njia hii ataifungaje? Nguzo zile ni za kushikia! Bwana Haron amewaza jinsi mama yake atakavyovuka kwenda kumwona huku ameshika hewa. Basi, Bwana Haron, mbele ya Mheshimiwa Diwani, na mbele ya Mchungaji aliyekuja kubariki, pokea shukrani zetu. Urefu wa nguzo zile unafaa kabisa.

Mji huu utakua, tupende tusipende. Tunaloomba ni kwamba ukikua, utuachie pa kupita. Asanteni kwa kusimama matopeni mkanisikiliza.

Watu walicheka, kisha wakamtazama Haron. Hakupiga makofi. Alinijia, akasema chini chini, "Dada, umenifunga kamba mbele ya watu."

"Nimekushukuru tu, Bwana Haron."

Diwani alikata utepe. Kabla hajarudisha mkasi, Mama Wangeci alikwisha kuvuka peke yake na fimbo yake, akaketi juu ya nguzo, akaita, "Haron! Chai yangu niletee huku!"

Haron akavuka na kikombe, mkono mmoja ukitafuta pa kushika. Chai nusu ilimwagikia suti. Mama yake akamwambia neno kwa Kikuyu ambalo sikulielewa. Waliolielewa walishika mbavu. Haron akamgeukia Zedekiah.

"Fundi, Jumatatu uje na nyundo."

"Ya kazi gani, bwana? Ya ua?"

"Ya daraja! Huoni nimelowa?"

Nikirudi nyumbani nimeona vigingi vipya vya mpima ardhi, vyenye vitambaa vyekundu, katika kiwanja kinachopakana na cha Haron. Njia yetu inapita katikati yake. Sijui mwenye kiwanja hicho ni nani, wala kama mama yake yu hai. Nalala saa saba kasorobo.