Bwana Harusi Ndani ya Ndoo

Ndani ya basi, kinyozi mmoja alikuwa amepakata ndoo yenye mfuniko uliotobolewa matundu. Ndani yake mlikuwa na nyoka wake dume mla panya, anampeleka kwa jike la rafiki yake wakazaliane. Nilivuta miguu taratibu, nisionekane mwoga.

Mama aliyeketi kando yake alikuwa amelea nyoka bustani ya wanyama hadi akastaafu. Kinyozi alimwonyesha picha ya jike kwenye simu; naye akaomba gamba alilojivua nyoka yule, ambalo kinyozi alikuwa nalo mfukoni, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha. “Mwanangu, huyu si jamii moja na huyo jike. Mistari hii hainidanganyi.” Kinyozi akacheka. “Ndiyo raha yenyewe, mama! Watoto watarithi uzuri wa pande zote mbili.” “Na mtu akikuuliza ni nyoka gani?” “Nitamwambia ni wa kinyozi.” Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Mama hakucheka. “Nimeletewa chotara wengi waliochokwa na wenyewe, hawana pa kwenda.” “Wangu sitawachoka.” “Hata wakiwa ishirini?” Kinyozi akajibu, “Hata thelathini!”

Basi likasimama kituoni kwake. Mama akamshikia ndoo ashuke, kisha akampokeza kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. “Fikiri tena,” akamwambia. “Nimeshafikiri,” akajibu kinyozi, akaifunika ndoo kwa koti lake, jua lisimchome bwana harusi.