Bati la Kipeo cha Theluthi Mbili

Fundi wa kuchomelea matangi alikuwa ndani ya treni ya asubuhi, akienda kurudia mtihani wa hesabu. Akifeli tena, usimamizi wa karakana unakwenda kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Dunia ndivyo ilivyo, na walioipanga hivyo wanalala usingizi.

Kijana aliyeketi kando yake, mwalimu, alichungulia daftari la fundi. "Shikamoo, mama. Samahani, nane kwa kipeo cha theluthi mbili si nane mara theluthi mbili."

"Marahaba. Ni nini basi? Nimekariri mpaka kichwa kimeota kutu."

"Tatu ya chini inataka kipeuo cha tatu cha nane, yaani mbili. Mbili ya juu inataka jibu hilo ulizidishe kwa lenyewe. Unapata nne."

Mama akatazama viganja vyake. "Tangi la pande sawa, ujazo wake mita nane za ujazo. Upande ni mita mbili, na bati la uso mmoja ni mita nne za mraba. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo hasa."

"Miaka kumi na tisa nalikata bati hilo, mwanangu. Na mwalimu wangu alisema kichwa changu ni cha kubebea ndoo."

"Msamehe, mama."

"Msamehe wewe. Aliyechapwa ni mimi. Leo nitawachorea tangi."

"Usichore. Msahihishaji anataka kanuni tu."

"Kwani huyo msahihishaji maji yake anayaweka wapi?"

Treni ikasimama, na mama akashuka na daftari lake.