Uso Usio na Pua

—Nusu ndevu, Wembe! Umenitoa dukani kwako na nusu ndevu!

—Nilikwambia subiri kidogo.

—Nisubiri nini? Katuni ikate roho?

—Alikuwa anakufa, Karani! Mtoto wa watu yuko peke yake kwenye theluji, anamwita mama yake, mimi niendelee kukuchonga kidevu? Una moyo kweli wewe?

—Mtoto wa watu gani? Rangi ile!

Benchi lao ni ubao mmoja juu ya matofali manne, kati ya duka la kinyozi na studio ya picha. Asubuhi ile kila aliyepita aligeuka kumtazama Karani, mstaafu wa ofisi ya ardhi, shavu moja likiwa safi kama sahani na la pili likiwa na mvi na povu lililoanza kukauka. Wembe, kinyozi, alisimama mbele yake na taulo begani na macho mekundu. Dukani kwake kuna televisheni ya kuwatuliza wateja, na kwa miezi miwili sasa ilikuwa ikionyesha katuni zile za Kijapani ambazo vijana huziita anime. Mama Birika, muuza kahawa wa kijiwe, aliwamiminia kahawa bila kuuliza nani anataka. Mwisho wa benchi, karibu na mlango wa studio yake, alikaa Picha. Kwa miaka thelathini amewapiga watu picha za pasipoti, na kwa miaka thelathini maneno yake kazini yamekuwa yaleyale: tazama mbele, kidevu juu, usicheke.

—Tuseme ukweli, alisema Picha. Mtu mzima hawezi kumlilia kiumbe asiye na pua.

—Mimi nimemlilia.

—Umelilia vitunguu.

—Kwenye duka la kinyozi vitunguu vimetoka wapi?

—Mtazame basi. Macho kama visahani vya chai, pua nukta, nywele za bluu. Ulishawahi kumnyoa mtu wa namna hiyo?

—Sijawahi.

—Basi humjui. Na usiyemjua utamliliaje? Uchungu unataka uso wa kweli, na makunyanzi yake na chunusi zake. Katuni ni pambo tu.

Karani aliinua kikombe. Hasira ilikuwa imeanza kumtoka, maana hakuna kitu anachokipenda kama kueleza jambo asilolijua.

—Pua wameitoa makusudi, alisema. Mtu akilia kwa dhati anatoka kamasi. Ukimchora na pua, itabidi umchore na kamasi. Na mwenye kamasi hahurumiwi, anapewa kitambaa. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

—Methali hiyo si ya pua, Karani.

—Pua haipo, na kamasi lake halipo. Unataka iwe ya nini tena?

—Mimi nawaonea huruma mama zao, alisema Mama Birika. Wote wana sura moja! Wanatofautiana nywele tu, huyu za bluu, yule za waridi. Siku Wembe akiwakamata akawanyoa upara wote, mama gani atamjua wake?

Walicheka. Hata Wembe alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya taulo.

—Na hayo macho, Karani aliendelea, sasa akipanda juu kabisa, sikilizeni. Mtoto mchanga macho yake ni makubwa kuliko uso. Uso unakua, macho yanabaki palepale. Kwa hiyo sisi sote tulikuwa vile! Ukimlilia yule wa kwenye theluji, humlilii yeye. Unajililia wewe, kabla dunia haijakukunja. Haba na haba hujaza kibaba.

—Haba na haba ya nini tena?

—Ya machozi!

Wembe hakucheka safari hii. Alikaa ubaoni, akalikunja taulo mara mbili.

—Ngojeni niwaambie mimi. Mteja akikaa kwenye kiti changu naona kovu, naona jino bovu, naona kama jana alilala vizuri. Uso wa mtu una mambo mengi. Ninamchunguza mpaka nasahau kumhurumia. Yule wa kwenye theluji hana kitu usoni ila huzuni yake. Basi naiona hiyo tu, inaniingia moja kwa moja.

—Hiyo ni hila, alisema Picha. Si hisia.

—Sawa, hila. Na binti yako anayechora katuni hizohizo, naye alikufanyia hila?

Mama Birika aliacha kumimina.

—Wembe. Ulimi huo.

—Nisamehe, mzee mwenzangu. Umeteleza.

Picha aliinuka, akaingia studio, na wote wakadhani amekasirika. Karani alimkanyaga Wembe mguu. Lakini Picha alirudi na bahasha kubwa ya kahawia, akaketi, akaiweka magotini.

—Mnajua nusu yake, alisema. Nusu ya pili sikumwambia mtu.

Walijua kwamba mkewe alikuwa amefariki miezi kumi iliyopita, na kwamba binti yake alihama nyumbani baada ya msiba. Walijua kwamba siku ya mazishi iliwekwa picha ambayo Picha mwenyewe aliipiga, ile ya kitambulisho, akaikuza mpaka ikawa kubwa kama dirisha.

—Picha nzuri ile, shemeji, alisema Mama Birika taratibu.

—Kali kabisa. Kila kitu kimeonekana, hata alama ya ndui hapa. Nilipiga nne. Tatu nikazifuta, alikuwa hatulii. Ya nne ndiyo ikakaa sawa.

Baada ya matanga binti yake, kitinda mimba, alimletea karatasi ngumu ya kuchorea. Msichana alikuwa anachora tangu utotoni, katuni hizohizo za macho makubwa, na kwa siku tisa alikuwa amejifungia na penseli zake. Alimchora mama yake.

—Nikaitazama, alisema Picha. Nikamwambia, huyu si mama yako. Mama yako hakuwa na macho kama visahani. Nikamwambia, nyuma hukuchora kitu, umeacha weupe mtupu, hata kumaliza hukumaliza. Unamfanyia mama yako mchezo.

—Akasema nini?

—Hakusema. Aliiacha mezani, na wiki ile akahama. Akapanga chumba mtaa wa tatu. Akiniona ananiamkia. Basi.

Alivuta pumzi. Kidole chake kilikuwa kikipanda na kushuka kwenye ukingo wa bahasha.

—Na mimi ile karatasi nikaiona ngumu, nzuri. Mnajua ninavyokata picha za watu kwa wembe na rula. Lazima uweke kitu chini, usiharibu meza. Nikaigeuza kifudifudi, nikaiweka chini. Miezi minane nimekatia watu pasipoti juu yake.

Karani aliweka kikombe chini.

—Jumapili iliyopita aliletwa mjukuu wangu, yule wa miaka mitatu. Kila akija anaitazama ile picha ya ukutani, ananiuliza, babu, huyu nani? Namwambia, huyo bibi yako. Anakataa, anasema, siyo. Basi Jumapili akapanda kiti, akachezea meza yangu, akaigeuza ile karatasi. Akapiga makofi. Akasema, Bibi! Bibi anacheka!

Picha aliitoa karatasi kwenye bahasha, akailaza juu ya ubao, kati ya vikombe. Nyembe zilikuwa zimepita mpaka upande wa pili. Mistari ilikatiza paji la uso, shingo, vidole. Katikati ya mistari ile alikuwepo mwanamke mwenye macho makubwa kupita kiasi, jicho moja limefumbwa kwa kicheko na la pili lina tone kwenye kona, mkono umepanda kuufunika mdomo na umechelewa. Pua ilikuwa nukta.

—Dada yangu, alisema Mama Birika, akavuta kanga yake mpaka machoni. Dada yangu mwenyewe. Jamani.

Wembe alitazama mara moja, akageuza uso upande wa barabara.

Wakati huohuo akatokea dada mmoja mwenye fomu mkononi.

—Samahanini, mwenye studio yupo? Nahitaji picha nne za pasipoti.

Aliona watu wazima wanne wameinamia ubao, naye akainama. Alitazama kwa muda. Tabasamu lilimjia lenyewe, bila yeye kulialika.

—Huyu mama, aliuliza, alikuwa anacheka nini?

Walitazamana. Mama Birika alifungua mdomo.

—Alikuwa anacheka… alisema, akaishia hapo.

—Wewe mumewe, alisema Wembe.

Picha alitafuta. Aliishi na mwanamke yule miaka ishirini na sita. Alijua alivyokunja nguo, alijua mguu upi ulimuuma wakati wa baridi, alijua kikohozi chake cha mwisho kwa sauti na kwa saa. Lakini mkewe alipocheka, yeye alikuwa akingoja amalize ili waendelee na mazungumzo. Hakuwahi kuuliza. Karani alikohoa kama mwenye methali, kisha akaimeza.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yalitoka mashapo matupu.

—Imekwisha, alisema.

—Dada, alisema Picha, niwie radhi. Rudi saa sita, nitakupiga bila malipo.

Aliirudisha karatasi kwenye bahasha, akafunga studio mchana kweupe, jambo ambalo kijiwe hakikumbuki kuliona. Nyuma yake alimsikia Wembe akisema:

—Njoo, Karani, nikumalizie hilo shavu. Nimezima televisheni.

Mtaa wa tatu si mbali, ila alitembea kama mtu anayepanda mlima. Alikuwa hajawahi kufika pale. Aliulizia kwenye duka la kuchapisha fulana ambako binti yake alikuwa akifanya kazi, wakamwonyesha ua wa nyuma, mlango wa bluu. Alipiga hodi mara mbili.

Msichana alifungua nusu. Vidole vyake vilikuwa na wino.

—Shikamoo, Baba.

—Marahaba, mwanangu.

Hakusogea kumpisha. Picha aliitoa karatasi, akaiinua kwa mikono miwili, na binti yake akaiona mistari ya wembe. Aliigusa mmoja mmoja, kwa ncha ya kidole, kama anayehesabu mishono ya kidonda.

—Nimekosa, alisema Picha. Sikuja kujitetea. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, maana nimeulizwa nikakosa jibu. Mama yako hapa alikuwa anacheka nini?

Msichana aliendelea kuushika mlango.

—Alikuwa anakucheka wewe, Baba. Siku ya kitambulisho. Ulivyokunja uso ukimwambia asicheke. Huo weupe nyuma yake ni shuka lako la kupigia picha, mimi ndiye niliyelishika. Zile tatu za kwanza anacheka zote, ukazifuta. Ndiyo maana nikamchora.