Siku Walipokuja Kuezua Mabati Yangu

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo? Mwenyekiti ameniomba niseme, basi nimesimama, ingawa magoti hayataki.

Mie nilikuwa napika wali na maharage nje ya geti la kiwanda, pale Chang'ombe. Wafanyakazi wanakula, mwisho wa mwezi wanalipa. Nikajenga chumba na ukumbi Tandika, nikaezeka kwa mabati, nikamleta mama yangu kutoka Newala.

Halafu kiwanda kikakosa malighafi. Mashine zikasimama, watu wakaambiwa wakasubiri majumbani. Wakasubiri, na hela yangu ikasubiri nao. Utamdai nani, na watoto wake wanalia njaa? Mchele nao mnakumbuka wenyewe: duka la ushirika unapanga foleni tangu alfajiri, unarudi na kikapu kitupu. Ukiutaka, unanunua mlango wa nyuma, kwa bei ya mlango wa nyuma.

Nikakopa kwa mzee mmoja, simtaji. Nikakopa kwa mwingine nimlipe huyo wa kwanza. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo mtu anapozama, na anazama huku anacheka na majirani. Mama akiniuliza, "Mwanangu, mbona huli?" namjibu nimekula kazini. Yule wa pili akataka rehani. Nikaweka mabati.

Walikuja asubuhi, vijana wawili na ngazi. Mama alikuwa kitandani. Akawaambia, "Wanangu, ngojeni basi masika yapite."

Mmoja akainamisha macho. "Bibi, sie tumetumwa tu."

Wakang'oa bati moja moja. Misumari inalia, mama anatazama mbingu ikifunguka juu yake.

Tukahamia ukumbini kwa jirani. Kulivuja, kulikuwa na baridi. Mama akashikwa na kichomi, hakumaliza mwezi. Hata sanda yake ilichangwa.

Baada ya arobaini nikawa sitoki ndani. Kina mama wa upatu wa mtaani wakanifuata. Nilikuwa nimejitoa zamani bila kuwaaga, kwa aibu. Mkubwa wao hakuleta pole nyingi. Akasema, "Unadaiwa na nani? Wataje wote."

Nikawataja. Sikuwahi kuyasikia madeni yangu kwa sauti yangu mwenyewe. Nililia kuliko msibani.

Wakanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Wadai wakaitwa, wakavutana, mwisho wakakubali kulipwa kidogo kidogo. Kisha kina mama wakanipa zamu ya kwanza ya upatu. Nikanunua unga na mafuta, nikaanza kukaanga maandazi, fedha mkononi. Akija wa kusema "mwisho wa mwezi, mama," nampa andazi moja bure, lakini kukopesha, hapana.

Ilichukua miaka. Siku nilipolipa la mwisho, mdai alihesabu, akasema, "Tumemalizana." Nikarudi nyumbani nikidhani nitafurahi. Nikakaa tu kwenye mkeka. Wa kumwambia hayupo.

Nawashukuru kina mama wale. Wengine wako hapo nyuma, wanajificha kwenye khanga wasitazamwe. Namshukuru balozi, aliyesimama nami kama ndugu.

Nilichojifunza ni hiki: deni litaje likiwa bado dogo. Ukilificha, linakula wasiolikopa.

Kama yuko humu anayepita vichochoroni asikutane na mdai wake, simwambii asimame mbele ya watu. Tukishafunga kikao, abaki. Nami nitabaki.