Kifunguamimba Wangu Aliyekataa Kungoja Kesho

Anastaafu! Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, mwanangu anaiweka chini simu ya dharura aliyoipokea katika ofisi hii kwa miaka thelathini na minne. Haya, sasa hamjambo? Mnisamehe, furaha haipigi hodi. Wakubwa walitaka mwenzake aandike wasifu huu wa jarida la ofisi, yeye akawaambia hataki kusifiwa. Wakaja kwangu. Hapo walifika penyewe.

Nyinyi mnamwita Dada Nipo, kwa sababu mtu akipiga simu analia, neno lake la kwanza ni "Nipo, sema polepole." Mimi namwita kifunguamimba wangu. Shule sikusoma sana, lakini ile sauti hakuipata shuleni, kaipata kwangu.

Alianza kazi msichana mwembamba, kiti kinammeza. Amezalisha watoto kwa simu, wengine hata hajawahi kuwaona. Mmoja sasa ni dereva wa gari la wagonjwa hapohapo kwenu, na hunywa chai ya mwanangu bila kuomba, eti yule ni mkunga wake. Mimi mwenyewe niliwahi kupiga namba ya dharura kumuuliza kama amekula. Akanijibu, "Nipo, mama, nimekula, sasa mpishe anayeungua." Sikurudia tena. Sana sana mara moja.

Lakini kuna neno moja alilichukia. Enzi hizo utaratibu ulisema mtu mzima akitoweka, siku nzima ipite kwanza ndipo atafutwe. Awe mzee aliyesahau njia ya nyumbani, awe kijana ambaye akili yake haimwonyeshi hatari, jibu lilikuwa moja: subirini kesho. Mwanangu ilimbidi alitamke, na kila siku aliyolitamka alirudi nyumbani chakula hakipiti.

Kisha zamu ikawa yetu. Baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kama maji kwenye pakacha. Mchana mmoja wa mvua nipo jikoni, kugeuka, mlango wazi, Mwalimu hayupo. Nikapiga simu. Aliyepokea hakuwa mwanangu, naye akanijibu kama alivyofundishwa: kesho. Nilimwambia maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. (Bwana huyo bado yumo humu ofisini. Tulishasameheana, na Ijumaa ndiye anayenifuata kwa gari.)

Basi majirani wakatoka kutafuta wenyewe, na watu wa mitaa mingine wakajiunga, hata wasiomjua. Waliambiwa tu: mzee, shati jeupe. Mwanangu akaomba ruhusa kazini, akaja mbio. Anafika karibu na mto, anakuta watu wamepangwa mistari miwili, na mzee mmoja ndani ya koti la mvua la kuazima, kofia imemfika machoni, anawafokea: "Mnatafuta kama kuku! Nyoosheni mstari! Wewe mrefu, nyuma!"

Alikuwa baba yake. Alikutana na ule msafara njiani, akauliza kuna nini, akaambiwa kuna mzee kapotea, akaona aibu kusimama pembeni. Mume wangu alikuwa anajitafuta mwenyewe, tena kwa bidii kuliko wote.

Mwanangu hakucheka wala hakupiga kelele. Alimsogelea taratibu. Mwalimu akamtazama asimjue.

"Na wewe binti, mbona unalia?"

"Namtafuta baba yangu, Mwalimu."

"Basi nyamaza. Nishike mkono usije ukapotea na wewe. Tutampata."

Wakatembea hivyo, mkono kwa mkono, mpaka mlangoni kwangu.

Mwalimu aliokolewa na majirani. Mzee mwingine, wa mtaa wa pili, aliyepotea baada yake, hakuwa na bahati hiyo. Watu wake walitii, wakangoja kesho, na kesho ikawapeleka mtoni kumwopoa.

Hapo ndipo mwanangu aliposema basi. Siku zake za mapumziko zikaishia kwenye mabenchi ya kungojea waheshimiwa wabunge, akidai sheria ibadilishwe, mpaka wafagiaji wakamzoea. Miaka ikapita, muswada ukasomwa, ukawekwa kando, ukasahaulika, akaukumbusha. Mwishowe kamati ikamwita. Mheshimiwa mmoja akamuuliza, "Na tukimsaka mtu, kumbe kaenda zake kwa rafiki?" Akajibu kwa sauti yangu ile ile: "Atatukasirikia, mheshimiwa. Tukimngoja aliyepotea, huyo hatakasirika tena."

Sheria ikapita. Leo simu ikiingia tu, msako unaanza. Picha inamfikia kila anayetafuta. Ving'ora vinazimwa, maana mwenye hofu hujificha. Na familia lazima iulizwe jina ambalo ndugu yao hupenda kuitwa. Hilo la jina lilitoka kwangu, wekeni wazi. Siku inapitishwa bungeni nilikuwa juu kwenye viti vya wageni, nikapiga vigelegele. Askari akanifuata, "Mama, humu havipigwi." Nikamwambia, "Ni kwa sababu hamjazaa kama mimi."

Mwalimu mambo ya sheria hakuyaelewa. Hata jina la mwanawe lilikuwa limeshamtoka. Ila kila jioni, akimwona anaingia kutoka kazini, alimuuliza, "Binti, yule baba yako ulimpata?" Naye, hata achoke vipi, alikaa kitandani akamshika mkono: "Nilimpata, Mwalimu." Mzee anashusha pumzi, analala. Alitutoka hapohapo kitandani kwake, anajulikana alipo, mikono yetu mkononi mwake.

Wenzake mliomshikia zamu siku zile, Mungu awalipe. Nawe mwanangu, asante. Sasa ule chakula kikiwa cha moto, uamke jua limepanda, simu ikilia umwachie mwingine. Mimi nami nimeanza kutafuta miwani iliyo usoni, wala siogopi. Siku nikipotea, waambieni waite "Mama Nipo." Nitaitika.

Haya, Ijumaa wote kantini ya chini, saa nane mchana, walio zamu wapokezane. Asiyeonekana tutaanza kumsaka saa hiyo hiyo, sheria tunayo. Hatungoji kesho yake.