Mgonjwa wa Tonton Wenceslas

Katika pirogi, mtumbwi wa kuvuka mto kwenda Lubunga, Tonton Wenceslas alikuwa ameipakata diski ya kompyuta kama kichanga. Jirani yake, Priscille, fundi wa kompyuta, alimuuliza ina nini.

"Inalia ta-ta-ta. Kila mangaribi naiwasha, nione kama iko muzima."

"Tonton! Mugonjwa, unamuamusha kila siku kumuuliza kama amelala? Unaimaliza. Unipe, nitaiwasha mara moja tu, nikopie yote."

"Na ikikufa ile mara moja? Iko na sauti ya mama yangu, nyimbo zake za kuvua samaki. Yeye mwenyewe alishazisahau."

"Donc, basi unipe leo, papa."

Pirogi ikagusa mchanga. Mzee alimnyooshea diski. Priscille akaishika, akavuta taratibu, akacheka: vidole vya mzee vilikuwa havijaachia.