Dorotea Haule na Mawingu Aliyoyaogopa

Mama Dorotea Komba Haule alizaliwa Peramiho, mkoani Ruvuma, tarehe 14 Agosti 1957. Akiwa darasa la kwanza, radi ilimuua kaka yake wakitoka shambani pamoja. Tangu hapo, ngurumo ikisikika, aliingia uvunguni mwa kitanda.

Alisoma Peramiho, kisha sekondari Songea, akawa mpiga chapa Dar es Salaam. Mwaka 1982 alifunga ndoa na Bernard Haule. Walihamia Toronto mwaka 1996, na Dorotea akafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini hadi alipostaafu mwaka 2019.

Binti yao Jacqueline ndiye aliyempa kamera. Dorotea aliifunga kwenye stendi roshani kwao, mtaa wa Mount Dennis. Majira ya baridi, giza lilipoingia mapema, alipiga mwezi na nyota chache zilizoshinda taa za jiji. Kiangazi alipiga mawingu, akikimbilia ndani kila ngurumo iliposikika. Bernard alipomuuliza kwa nini anajitesa, alijibu, “Bora nilione wingu likija.”

Juni 2022, parokia yao ilikuwa na tafrija bustanini kando ya mto. Bernard alikwenda, Dorotea akabaki nyumbani. Kwenye kamera aliona wingu lenye tumbo la kijani likizunguka upande wa magharibi. Alimpigia mumewe.

“Bernard, watoe watu chini ya miti!”

“Mama Jacky, huku jua linawaka.”

“Nimeogopa maisha yangu yote. Leo siogopi bure. Ondokeni!”

Simu ikakatika. Upepo ulipofika, madirisha yalilia na umeme ukazimika. Dorotea alijifungia bafuni, akipiga namba ileile isiyopatikana, akimwona kaka yake kila alipofumba macho. Jioni Bernard aliingia akiwa amelowa. Watu wote walikuwa wamekimbilia jengo la karibu. Mti mkubwa ulikuwa umeangukia meza zao. Dorotea alimpiga ngumi ya kifua, kisha akamng’ang’ania akilia.

Hofu haikumtoka. Mwaka jana madaktari walipogundua saratani ya kongosho, aliogopa kama alivyoogopa radi, na hakuficha. Ndugu walimtia moyo kwa maneno mengi. Siku moja alimwambia mumewe, “Usiniambie nisiogope. Kaa tu hapa.”

Bernard alihamishia godoro lake kando ya kitanda cha mkewe. Dorotea alipoishiwa nguvu, Bernard ndiye aliyempigia picha za mwezi, nyingi zikiwa na ukungu, naye akazicheka zote.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, theluji ikianguka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bernard.

Ameacha mume, Bernard, watoto wawili, Jacqueline na Owen, mjukuu, Stephanie, na mdogo wake, Sista Gaudensia wa Songea.

Mungu amlaze pema, mahali pasipo na hofu.